Ngozi Yenye Tundu

Beberu hunuka kabla hajaonekana. Juzi nilikuwa nimesimama kando ya barabara pale Katindo, hapa Goma, nangoja magari yapungue nivuke, nikaisikia harufu hiyo ikinijia kutoka nyuma. Sikuhitaji kugeuka. Ilikuwa pikipiki, na nyuma ya dereva alilazwa beberu aliyefungwa miguu, ndevu zimegandamana kwa mkojo wake mwenyewe, maana ndivyo mabeberu wanavyojipamba wakitaka majike. Waliokuwa karibu yangu waliziba pua na kucheka. Mimi nilishikwa na hasira, ilhali hakuna aliyenigusa.

Kwangu mimi harufu ile si ya mbuzi. Ni ya kaka wa baba yangu, tuliyemwita Papa Mukubwa. Alikuwa anaishi Kibumba, kwenye baridi, na kila alipoteremka Goma aliingia nyumbani kwetu na koti lake moja la sufu ambalo nadhani lililala zizini. Akishaondoka, mama alifungua mlango na dirisha, akafagia, akamwaga maji, na bado harufu ilibaki kwenye kiti alichokalia. Watu husema marehemu hasemwi vibaya. Papa Mukubwa amekufa mwaka huu, nami nasema alikuwa mtu mbaya, na sioni kwa nini kaburi limsafishe.

Ninyi wa rika langu mliokulia hapa mnajua mbuzi alikuwa nani katika nyumba za wakati ule. Hakuwa nyama. Nyama tulikula Noeli, tena tukibahatika. Mbuzi alikuwa kitu ambacho mtu mdogo angeweza kuwa nacho naye akahesabiwa kuwa mtu. Mama yangu alikuwa naye mmoja. Mbuzi huyo alitoka kwao mama, upande wa Bukavu, akavushwa ziwa kwa mashua mwaka niliozaliwa. Babu alimpa mama akimwambia kwamba mwanamke asikae ugenini mikono mitupu. Alikuwa jike mwekundu, mrefu kuliko mbuzi wa huku, mwenye vinyama viwili vilivyoning'inia chini ya koo. Niliamini ni hereni, na kwamba aliyemvisha alikosea mahali. Kwa ajili ya hereni hizo baba alimwita Madame.

Baba alikuwa karani kwenye depo ya saruji, mtu mpole wa mashati meupe. Nyumba yetu ya mbao ilisimama juu ya mawe meusi ya volkano, na mawe hayo, kama mnavyojua, hayaoteshi majani ya kumshibisha mbuzi. Madame alikula maganda ya ndizi, akala makatoni, na mara moja akala kola ya shati la baba. Ndipo baba akampeleka Kibumba kwa kaka yake, kwa desturi ile ya kuwekesha mbuzi. Mwenye mbuzi anampa mchungaji jike; mtoto wa kwanza ni wa mchungaji, wa pili ni wa mwenyewe, na kuendelea hivyo kwa zamu mpaka jike azeeke. Hakuna maandishi. Kuna sheria moja tu, nayo ni ngumu. Mtoto wa mbuzi akifa, mchungaji hawezi kuleta maneno matupu. Lazima amchune, aiwambe ngozi, ailete kwa mwenye mbuzi, naye aione kwa macho na kuigusa kwa mkono, kisha abaki nayo. Asiyeleta ngozi, amekula.

Madame alianza kwa kuzaa mtoto mmoja, kama wanavyoanza wengi, kisha akawa anazaa mapacha. Jambo hilo lilimpendeza Papa Mukubwa kupita kiasi, maana mbuzi wake mwenyewe walikuwa wafupi na dhaifu, na sababu ilijulikana Kibumba nzima. Wenzake waliazimana mabeberu, wa kilima hiki akapelekwa kilima kile, ili dume asiwapande binti zake mwenyewe. Yeye hakukubali beberu wake atoke wala wa mwingine aingie. Alisema beberu wa kuazimwa hurudi amekonda, na beberu wa kukaribishwa huleta magonjwa. Kwa hiyo dume yule mmoja alimpanda mama, akampanda binti, akampanda mjukuu, na waliozaliwa walikuja na taya zilizopinda na miguu ya kutetereka. Damu ya Madame ilitoka mbali, na zizi lile lilikuwa na njaa nayo.

Baba alipokuwa hai, zamu ilifuatwa. Namkumbuka Papa Mukubwa akishuka na kamba mkononi, mtoto wa mbuzi akimfuata nyuma na hereni zake ndogo shingoni, na baba akimtafutia kaka yake pombe ya ndizi hata siku ambazo hatukuwa na unga. Kisha baba akaugua tumbo, na kabla sijaelewa kwamba tumbo linaweza kummaliza mtu mzima, akafa.

Siku ya kuondoa matanga, watu wa Kibumba walikaa mbele ya nyumba yetu kwenye viti vya kuazima. Mimi nilikaa juu ya jiwe, nimempakata mdogo wangu Riziki, ambaye alikuwa bado anatambaa. Papa Mukubwa alisafisha koo akasema yaliyomleta.

"Batoto ni ba kwetu. Shemeji yeye ni mugeni, anaweza kurudi kwabo Bukavu, hakuna mwenye anamufukuza. Lakini batoto banabaki ku ukoo." Kisha alinitazama, akaanzia miguuni, akapanda mgongoni, akamalizia kwenye meno. "Uyu mukubwa, siku ingine atatuletea mbuzi ya mahari. Hata kama ndugu yangu alizala banamuke tupu, haina kitu."

Mtu huyo, jike likizaliwa zizini kwake, aliimba. Alimpa mbuzi aliyezaa majani ya viazi vitamu na chumvi, akawaita majirani waje waone, kwa sababu mbuzi jike ndiye zizi lenyewe. Lakini binadamu akizaa msichana, yeye alimpa mama mzazi pole. Sikukiona kichekesho hicho nikiwa mdogo. Sasa nakiona, na hakinichekeshi.

Mama alipiga magoti kwenye mawe yale yanayochoma hata kupitia kitenge.

"Papa, uniachie batoto. Bako badogo. Nitabasomesha miye mwenyewe."

"Tutaona," akasema Papa Mukubwa, akainuka kwenda kutazama chakula kama kimeiva.

Neno hilo lilibaki nyumbani kwetu baada ya viti kurudishwa kwa wenyewe. Mama alianza kuuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Alirudi jioni mikono ikimeta magamba, na kila mbwa wa jirani alipobweka aliacha alichokuwa anafanya, akatazama njia.

Miezi ilipita, na siku moja mbwa walibwekea haki. Papa Mukubwa aliingia bila kamba. Kwapani alikuwa na kitu kilichokunjwa.

"Shemeji, Madame ilizala mapacha," alisema. "Moja ilikufa na baridi. Ni ile yako."

Mama alifuta mikono kwenye kitenge, akaipokea ngozi, akaikunjua juu ya magoti. Ilikuwa ndogo, nyekundu, ngumu kama kadibodi. Upande wa kushoto, nyuma ya bega, palikuwa na tundu la mviringo ambalo kidole changu gumba kingeingia. Mama alipitisha kiganja chake taratibu toka shingoni mpaka mkiani.

"Nimeona, papa," alisema. "Aksanti kunionesha."

Alimpikia samaki wakubwa kuliko wote aliokuwa nao. Baada ya kula, Papa Mukubwa aliikunja ngozi, akaitia kwapani na kuondoka nayo, na mama hakuidai.

Alikuja tena baadaye. Safari hii mapacha wote wawili walikuwa wamekufa. Ngozi ilikuwa moja, akasema ya pili imeliwa na mbwa. Mama aliikunjua, akaipapasa, akashukuru. Akaja tena, na tena. Mara hizo nyingine baridi ya Kibumba ilichagua wa kwetu na kuwaacha wake, na kila mara nyuma ya bega la kushoto palikuwa na tundu lilelile la mviringo.

Mtu mzima angeelewa mara ya pili. Mimi nilikuwa mtoto, na mtoto akikuta jambo lisiloeleweka huliundia maana yake. Nilijua Madame huwarithisha watoto wake hereni, kwa kuwa nilishawaona. Basi nikaamua kwamba huwarithisha na tundu. Wanazaliwa nalo, karibu kabisa na moyo, na baridi ya kule juu inapitia hapo. Niliona wazi kabisa kwa nini walikuwa wanakufa, na nikashangaa wakubwa hawaoni. Usiku niliongeza kwenye sala zangu kwamba Mungu amjalie Madame kuzaa mtoto aliyezibwa.

Sikuishia kwenye sala. Nilichukua kipande cha sweta ya baba, nikakikata, nikakishonea kamba mbili za kufungia kifuani. Papa Mukubwa alipokuja tena na ngozi yake, nilisubiri ale, nikamsogelea.

"Papa Mukubwa, chukua hii. Mutoto ya Madame ikizaliwa, uifunge hapa, baridi isiingie ku tundu."

Aliitazama sweta, akanitazama mimi, akamtazama mama. Kisha akacheka mpaka akakohoa, akapiga paja, machozi yakamtoka. "Uyu mutoto iko na akili," alisema, na akaitia sweta ya baba kwenye mfuko wa koti lile. Mimi nilifurahi kusifiwa. Mama aligeukia ukutani, akawa anapanga masahani yaliyokuwa yamekwisha kupangwa.

Ukweli ni kwamba siku zile nilimdharau mama yangu. Nilimwona mtu wa kusema ndiyo na aksanti, anayempa mgeni samaki wakubwa huku sisi tukilamba mchuzi. Mwanajeshi mmoja wa kambini alimpunja sambaza, mama akamfuata mpaka getini, akapiga kelele hadi akalipwa. Huyo ndiye mama niliyemtaka. Akija Papa Mukubwa alinywea, akawa mtu mwingine. Nilidhani ni mjinga. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nilimwona mama akimfulia nguo yule aliyekuwa anamla.

Riziki alipokuwa na miaka mitatu na bado akibebwa mgongoni, wakati wa likizo, ile tuliyoiita konje, Papa Mukubwa alituma mtu. Kijana wake mkubwa alikuwa anataka kuoa, na mama aende kupika. Tulipanda kwa lori lililokuwa linarudi tupu kuchukua mboga. Barabara ya Rutshuru ilipanda, Goma ikabaki chini na joto lake, na tulipofika Kibumba ukungu ulikuwa umekaa juu ya mashamba ya kabichi kama blanketi lililoloa. Meno yaligongana kinywani mwangu. Nilijiambia kwamba hata mimi nisiye na tundu nitakufa hapa.

Kesho yake asubuhi mama alikuwa jikoni, anasonga ugali kwenye sufuria kubwa, Riziki amefungwa mgongoni. Papa Mukubwa aliinama mlangoni kwa sababu ya moshi.

"Uyu mukubwa amekomaa," alisema, akinielekeza kidevu. "Atabaki hapa, asaidie bibi yangu na mbuzi. Weye utarudi na mutoto mudogo. Naye atakuja akikomaa."

Mwiko wa mama ulisimama ndani ya ugali. Nilingoja aseme kitu. Mwiko ukaanza kuzunguka tena. Nilitoka mbio, nikaenda zizini, mahali pekee nilipokuwa na rafiki.

Madame alikuwa amezeeka. Mgongo ulikuwa umelegea na ndevu zimekuwa nyeupe, lakini hereni zilikuwa palepale, na chini yake mapacha wawili walikuwa wananyonya, mmoja kila upande, wanamgonga kiwele kwa vichwa bila huruma. Beberu naye alikuwepo, amefungwa peke yake, midomo ameikunja juu na meno nje, nami nilidhani ananicheka. Katikati ya mbuzi wote alisimama kondoo mmoja mchafu, aliyewekwa pale ili radi isipige zizi. Na kando ya uzio, kwenye kamba moja ndefu, walikuwa wamefungwa mbuzi waliochaguliwa kwa ajili ya mahari. Walikuwa wekundu, warefu, na manyoya yaling'aa. Kila mmoja alikuwa na hereni shingoni.

Nilikuwa nimepiga magoti katikati yao wanaume walipoingia. Mbele alikuwa mzee wa upande wa bibi harusi, aliyetumwa kuwakagua mbuzi kabla hawajapokelewa, mtu mkavu mwenye kofia ya kukingia mvua na fimbo. Nyuma yake Papa Mukubwa, na nyuma kabisa wanawake waliotoka jikoni kushuhudia, mama akiwemo. Mzee yule hakuwa na haraka. Alifungua vinywa, akapapasa migongo, akainua mikia, akatazama masikio kama yamechanika.

"Hizi mbuzi ni nzuri," alisema hatimaye. "Lakini hazifanani na mbuzi ya huku. Zilitoka wapi?"

"Zilizaliwa hapahapa, muzee," akasema Papa Mukubwa. "Ni damu ya zizi hii."

Mimi sikuwa nawasikiliza. Nilikuwa naingiza kidole nyuma ya bega la kushoto la kila mbuzi, mmoja baada ya mwingine, nikifukua manyoya mpaka ngozini. Nilipomaliza kamba yote nikarukia mapacha wa Madame, nikawageuza pia. Furaha iliyonipanda siwezi kuieleza. Mungu alikuwa amesikia, sweta ilikuwa imefanya kazi.

"Mama, hazina tundu!" nilipaza sauti. "Batoto ya Madame boote bamepona! Hakuna hata moja yenye tundu!"

Mzee aligeuza shingo kunitazama.

"Madame ni nani?" aliuliza mzee.

Nilimwonesha. "Ni ile mbuzi ya mama yangu. Na hizi zote ni batoto yake, angalia hereni."

Mzee alimtazama Madame, akatazama kamba yote hadi mwisho. Kisha akamgeukia mama, na sauti yake haikuwa kali.

"Mama, unisemee mbele ya bantu. Kama hizi mbuzi ziko na mwenyewe mwingine, siwezi kuzipokea. Mbuzi yenye mwenyewe analia haiingii kwetu, inaleta matata mu ndoa. Sema tu. Ni zako?"

Nafasi kama hiyo haiji mara mbili kwa mjane. Neno moja, na mbuzi wote wale wangefunguliwa mbele ya mashahidi, harusi ingevunjika, na Papa Mukubwa angeitwa mwizi hadi Kalengera. Niliona shavu lake likicheza. Lakini hakumtazama mama wala mzee. Alinitazama mimi, vilevile kama siku ya matanga, toka miguuni hadi kwenye meno, na hapo ndipo furaha yangu ilipoanza kupoa.

Mama alifuta mikono kwenye kitenge.

"Mutoto anachanganya, muzee," alisema. "Mbuzi yangu ilikufa zamani. Yenyewe na batoto yake yote. Papa aliniletea ngozi, nikaiona, nikaigusa."

Madame alikuwa anacheua, hatua mbili kutoka pale aliposimama mama.

"Ilikufa," alirudia mzee polepole. "Ngozi iko wapi?"

Papa Mukubwa aliingia nyumbani, akatoka nayo. Mzee aliikunjua. Ngozi ya kitoto cha mbuzi, isiyofika hata upana wa mto wa kulalia, na tundu lake nyuma ya bega. Aliipima kwa macho, akampima Madame kwa macho, mbuzi mzima mwenye ndevu nyeupe. Mimi mwenyewe ndipo nilipoitambua. Nilitazama lile tundu, nikatazama zile mbavu zisizo na tundu, na kitu kikafunguka kichwani kwa maumivu. Ilikuwa ngozi moja. Ilikuwa ngozi moja siku zote.

"Ndiyo," akasema mzee. "Ni ngozi."

"Si vile, papa?" mama alisema, na sasa alimgeukia shemeji yake, na alisimama wima, sijawahi kumwona akisimama hivyo mbele yake. "Miye siko na mbuzi hapa. Siko na kitu ya kukudai, leo wala siku ingine. Na weye mbele ya muzee useme ile tuliongea. Batoto yangu bote mbili banakaa na miye ku Goma, hakuna mwenye atakuja kubachukua. Si vile tuliongea?"

Hawakuwahi kuongea hivyo, nami nilijua. Papa Mukubwa alilamba midomo. Kila mtu alimngoja, na wa kwanza kumngoja alikuwa yule mzee, mkwe wake.

"Ni vile," alisema.

"Useme yote, papa."

"Batoto banakaa na mama yabo." Maneno hayo yalimtoka kama mtu anayetema mfupa. "Hakuna mwenye atakuja."

"Nimesikia," akasema mzee, akagonga fimbo chini, akaanza kufungua kamba.

Mama alirudi jikoni akamaliza ugali, akapakua, akaosha sufuria. Alikuwa amekuja kupika na alipika. Baada ya hapo alimfunga Riziki mgongoni, akanishika mkono, tukateremka barabarani bila kuaga. Miaka mingi baadaye nilisikia kwamba zizi lile lilidhoofika, kwamba beberu aliendelea na binti zake na wajukuu wake wenye hereni hadi wakaanza kuzaliwa wafu, na kwamba hakuna aliyetaka kumwazima dume. Nilifurahi, wala sifichi.

Lori lililotuchukua lilikuwa limejaa kabichi, tukaketi juu yake. Nilikuwa nalia kwa hasira. Kondakta, kijana mwenye mdomo mrefu, aliona machozi yangu akamuuliza mama tunatoka wapi.

"Ku kilio," alisema mama.

"Pole, mama. Nani alikufa?"

"Mbuzi."

Kijana alicheka, na waliokuwa juu ya kabichi pamoja nasi wakacheka. Mama naye alicheka kidogo. Walipoacha kutuangalia nikamvuta kitenge.

"Juu ya nini ulisema imekufa? Niliiona. Weye uliiona. Ulijua ngozi ni moja?"

"Mara ya pili nilijua," alisema. "Naye alijua ninajua. Njo maana hakutafutaka ingine."

"Sasa kwa nini ulikuwa unamushukuru?"

Alimkaza Riziki mgongoni, lori likapita kona.

"Kila mara alikuwa anakuja kuchukua kitu," alisema. "Nikiona ameshika ngozi, nilikuwa ninajua leo anachukua mbuzi. Haya, achukue mbuzi. Mbuzi inazalaka. Kesho inazala ingine."

Sikuelewa, au nilielewa na sikutaka. Niliendelea kumlilia Madame mpaka Goma ilipoonekana, na mama hakunikataza. Tulishuka Katindo, tukatembea juu ya mawe, amenishika mkono wake wa kulia, hadi mlangoni kwetu. Riziki alikuwa amelala mgongoni mwake, kikapu kikining'inia kwenye kiwiko, na ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye ncha ya kitenge. Aliufungua kwa meno, akatafuta tundu la kufuli kwa mkono wa kushoto, akakosa, akatafuta tena. Nilimwambia aniachie kwanza ili afungue vizuri. Hakuniachia.